Baba Mkwe Aliyengoja Sambaza

Anayetaka kuvua Ziwa Kivu wakati wa kiangazi nitamweleza bure, maana mimi ni mwalimu na siwezi kujizuia. Asubuhi maji hutulia kama uji uliopoa. Mchana upepo huamka, na ziwa lililofaa kuogeshea watoto linaanza kurusha mitumbwi. Lakini upepo huo huo huchanganya maji na kuwapandishia chakula sambaza, wale samaki wadogo kama kidole, nao huwa wengi. Ukiogopa mara ya kwanza, usione haya. Mimi nilitapika mara tatu, na wavuvi wakanishukuru kwa kuwalisha samaki wao.

Jambo kubwa kuliko yote ni mwezi. Tunafunga mitumbwi mitatu pamoja, tunashusha wavu, tunawasha taa juu yake. Sambaza huifuata taa kwa sababu kwingine kote ni giza. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima ni taa, nao hutawanyika. Siku hizo wavuvi hukaa nyumbani kugombana na wake zao. Hayo ninawafundisha wanafunzi wangu kila mwaka, tena kwa mchoro ubaoni.

Sasa, nilipokwenda Butembo na mama yangu kuomba mke, baba wa binti, mkulima wa vitunguu mwenye heshima kuanzia kofia hadi viatu, alisikia kwamba kila vakansi, shule zikifungwa, ninakwenda kuvua.

"Mambo ya mbuzi ya mahari tutaongea nyuma," akasema. "Huku kwetu sambaza inafika imekauka kama misumari. Nitakuja Goma, unipatie sambaza mubichi. Nikisha kula, nitakujibu."

Tukachagua siku. Mama akapendekeza Jumamosi ya mwezi mpevu, wageni wasije wakajikwaa kwenye mawe ya volkano wakienda kulala. Wote wakamsifu. Hata mimi nikasema, "Muzuri sana!" Mchoro wa ubaoni haukunijia kabisa. Nilikuwa namwangalia binti akipanga vikombe.

Ijumaa asubuhi nikashuka ufukweni kuagiza mabeseni mawili ya sambaza. Mitumbwi yote ilikuwa imefungwa. Mvuvi ninayevua naye kila vakansi alikuwa akishona wavu, akanitazama kwa huruma.

"Mwalimu, huu mwezi ni wewe utauzima?"

Ndipo nikakumbuka. Wageni walikuwa tayari njiani.

Jumamosi, kabla upepo haujaamka, nikakaa juu ya mawe meusi na ndoano na tonge la bugali. Hapo ni kunyamaza tu na kutotupa kivuli chako majini; hata wewe utaweza. Nikapata tilapia mmoja, mkubwa kama kiatu cha baba mkwe.

Mezani kulikuwa na mbuzi, sombe la majani ya muhogo na maharagwe. Baba mkwe alifunuliwa sahani yake, akamtazama samaki kwa muda.

"Hii ndiyo sambaza?"

"Ndiyo, papa," mama akajibu, bila hata kupepesa jicho.

"Eh! Kumbe wakiikausha inapunguka vile!"

Akala mpaka akafyonza kichwa. Mama akanikanyaga mguu chini ya meza. Ningenyamaza, ningeoa siku ile ile. Lakini mtu hawezi kukosea mbele yangu hivyo nikamwacha.

"Papa, hiyo si sambaza."

Nikaeleza yote. Sinia likawa mwezi, chumvi ikawa sambaza. Mama akafunika uso.

"Ile siku ya kuchagua tarehe," baba mkwe akauliza, "ulikuwa unajua hii mambo yote?"

"Ndiyo, papa."

"Sababu gani ulinyamaza?"

"Nilikuwa naangalia mutoto wenu."

Shangazi zake binti wakacheka hadi wakashikana mabega. Baba mkwe hakucheka. Akapangusa vidole, kimoja kimoja.

"Basi, jibu langu litangoja sambaza. Na mimi nitangoja hapa."

Wengine wakarudi Butembo, na binti pamoja nao. Baba mkwe alikaa siku tisa. Alilala kitandani kwangu, mimi kwenye viti. Kila jioni alitoka nje kuukagua mwezi na kuniletea ripoti: "Leo imechelewa kutoka." Nikamweleza kwamba kila siku unachelewa zaidi, na giza la mwanzo wa usiku ndilo letu. Siku ya saba nilimkuta akiwafundisha majirani kwa sinia na chumvi yetu. Alisema kwa sauti kubwa kuliko yangu, na walimwelewa.

Siku ya kumi asubuhi nilirudi ziwani na beseni limejaa, sambaza waking'aa kama sindano. Mama akawakaanga. Baba mkwe akala na vichwa, sahani mbili, sisi tumesimama tukihesabu matonge.

Akanywa maji. Akavaa kofia.

"Mutoto, mumuchukue," akasema. "Lakini ile sambaza ya kwanza ndiyo ilikuwa tamu."