Kanda ya Salamu

Binti yangu ameniambia kwamba siku hizi mtu akitaka kufundisha lugha ya kigeni hahitaji darasa wala ubao. Anahitaji simu, chumba kilichotulia, na anatengeneza podikasti. Nilimjibu kwamba kazi hiyo niliifanya kabla yeye hajazaliwa, ila simu sikuwa nayo, na chumba chenyewe kilikuwa duka la kanda pale Chang'ombe ya hapa Dodoma, ambalo tangu nilifahamu halijawahi kutulia.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, mashirika ya umma yakifungwa moja baada ya jingine. Dada yangu mkubwa alikuwa karani katika shirika mojawapo hapa Dodoma. Wakampunguza. Neno lenyewe lilikuwa hilo, kupunguzwa, kama vile alikuwa chumvi iliyozidi kwenye mboga. Shemeji yangu alikuwa na shamba kwao Mlali, na ukoo wake wote ukaona sasa hakuna kisingizio: mke arudi kulima. Dada hakuwa na ugomvi na jembe. Ugomvi wake ulikuwa kulishika mbele ya macho ya mama mkwe, kila siku, mpaka Mungu amchukue mmoja wao.

Ikatokea nafasi moja. Mradi wa maji wa Wazungu ulikuwa unafungua ofisi mjini, ukimtafuta mtu wa kwenda Haneti kuzungumza na wanakijiji kwa Kigogo, kisha arudi kuwaeleza mabosi kwa Kiingereza. Kigogo tumezaliwa nacho. Kiingereza dada alikiandika vizuri tu, mihtasari ya vikao na kila kitu, lakini akitakiwa kukisema mdomo ulifunga duka.

"Wewe si una digrii?" aliniuliza.

"Ya fasihi, dada."

"Sijauliza ya nini. Iniepushe na Mlali."

Ndipo nikapata wazo ambalo hadi leo nalitetea. Nitamtengenezea kanda za mazungumzo, azisikilize akipika, akifua, akichambua mchele, mpaka Kiingereza kimwingie bila yeye kujua. Niliandika masomo yote: salamu, elimu, uzoefu wa kazi, na kwa nini mradi huu umchague yeye. Salamu nilizipa nusu ukurasa. Nilijua mambo mengi wakati ule.

Mwenye duka la kanda alikuwa mzee wa mjini hasa, ambaye babu zake walifika huku na misafara ya biashara wakaona hakuna haja ya kuendelea. Alikuwa na radio kaseti ya milango miwili, kipaza sauti, na Kiingereza cha dukani alichokisema bila woga wowote. Nikampa nafasi ya bosi wa mradi. Dada akawa mwomba kazi, mimi mwalimu wa kueleza katikati. Mzee akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kanda ikaanza kuzunguka.

"Asubuhi njema, bwana," dada alisoma kwa Kiingereza. Kisha akaishusha karatasi.

"Endelea," nikamnong'oneza.

"Shikamoo yake iko wapi?"

"Kiingereza hakina shikamoo."

"Huyu mzee ana umri wa baba. Nimwambie asubuhi njema kama mtoto mwenzangu?"

Mzee akamuunga mkono. "Msomi, mtu hajajua nimeamkaje, tayari anataka kunionyesha vyeti. Mimi kama bosi, kazi simpi."

Tukajadiliana, kanda ikizunguka. Mwisho tukakubaliana, kwa hoja ambayo niliiona ya kitaalamu kabisa, kwamba heshima iliyokosekana katika neno moja ifidiwe kwa urefu. Dada akaanza upya. Akamuuliza bosi habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua, za wageni waliolala na wageni walioondoka. Mzee akajibu kila kitu kwa ukweli, na alipofika kwenye goti lake la kushoto alisimulia tangu lilipoanza kuuma. Hapo Kiingereza kilimwishia, lakini maumivu hayakuisha, akamalizia kwa Kiswahili.

Kisha mlangoni: "Hodi!"

Mama mmoja alikuja kununua betri. Nikampungia mzee azime mashine.

"Nizime mtu akinibishia hodi?" aliniuliza, mdomo ukiwa kwenye kipaza sauti. "Atasema nimemfungia mlango. Karibu, mama!" Halafu akakumbuka tuko darasani, akarudia kwa Kiingereza.

"Mbukwa!" mama akajibu kwa salamu ya Kigogo, maana alishaona dada ni wa kwetu, na dada angemwachaje? Yakafuata ya kwao na ya kwetu. Alipoondoka akaja mwingine, akasikia watu wanasalimiana, akaona itakuwa vibaya kupita. Wengine walijaribu Kiingereza, wakicheka. Mzee mmoja aliuliza kama tunaandikisha watu wa kupewa mahindi. Mimi, mwalimu, sikupata nafasi ya kueleza hata neno moja, isipokuwa kumweleza huyo kwamba hapana, mahindi hayapo.

Kanda ilipoisha upande wa pili, tulikuwa bado somo la kwanza. Mwomba kazi hajakaribishwa kiti.

Nilitaka tuifute turudie. Lakini mzee alishaiweka kwenye spika ya nje kuijaribu, na waliokuwemo ndani yake walikusanyika kujisikiliza. Kesho yake wakaja kununua. Kanda ikapanda malori, ikaenda Kongwa. Watu walinisimamisha njiani kuniuliza somo la pili linatoka lini, na hakuna hata mmoja aliyejifunza la kwanza.

Isipokuwa dada. Yeye aliisikiliza akisonga ugali, midomo ikicheza, akiijua neno kwa neno pamoja na kikohozi cha yule mama wa betri.

"Na uzoefu wa kazi?" nilimuuliza kwa wasiwasi.

"Salamu kwanza. Huko tutafika."

Siku ya usaili nilimsindikiza. Nilikaa kwenye benchi la nje, dirisha likiwa wazi. Ndani alikuwepo Mzungu mmoja na maafisa wawili wa kwetu, wote wadogo kwa dada.

Akaanza. Nyumbani hawajambo? Mzungu akasema hawajambo. Watoto? Wapo. Ng'ombe?

"Sina ng'ombe," alisema Mzungu. "Dada yangu ana paka."

"Paka hajambo?"

"Amezeeka."

"Poleni sana."

Afisa mmoja alikohoa, lakini angemkatizaje mtu mzima ambaye bado anasalimia? Mzungu naye hakuonyesha haraka. Alijibu yote, kisha akauliza yeye, na dada akamjibu polepole, mpaka wakafika kwa shangazi yetu wa Haneti na macho yake. Muda ukaisha.

Alitoka, akakaa kando yangu, mkoba mapajani.

"Wamekuuliza nini?"

"Habari za shangazi."

"Na kazi?"

"Tulikuwa hatujafika." Akafuta uso kwa kitenge. "Basi. Mama mkwe ameshanichagulia kipande cha kulima. Chenye mawe."

Waliomfuata waliingia na kutoka wakitabasamu. Kiingereza chao kilimiminika mpaka barabarani. Mwishoni afisa mmoja akatoka, amenuna, akamwita dada pembeni, na mimi nikasogea.

"Umepata," alisema. "Kwa majaribio."

"Mimi?"

"Bosi anasema amekuelewa wewe peke yako. Hao wengine wanakwenda mbio mno. Hata kwao bosi Kiingereza si lugha yao, naye bado anajifunza."

Nilianza kumweleza afisa kuhusu mbinu yangu ya kufundisha kwa kanda. Dada alinikanyaga mguu.

Tukiwa njiani kurudi nilimwambia kwamba sasa tunaweza kurekodi somo la pili kwa utulivu. Alisimama katikati ya barabara.

"Mdogo wangu, nakupenda. Usinifundishe tena kitu chochote."

Wiki hiyo hiyo alijiandikisha masomo ya jioni ya Kiingereza kwa masista. Jumatatu, Landrova ya mradi ilimfuata nyumbani. Alipanda mbele, akapanga gauni lake vizuri, akatazama mbele kama mtu mwenye ofisi. Nilimpungia mkono. Dereva ndiye aliyenirudishia.