Mume wangu ameshikwa akiwa na droni, kamera imebaki kwangu

Admin, jina langu lifiche kabisa. Na wewe utakayenitambua kwa habari hizi, tafadhali nyamaza, usinitaje kwenye maoni. Mambo mengine nimeyabadilisha kidogo. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mmoja, nina watoto wawili, naishi hapa Bunia, mtaa wa Lumumba. Mimi na mume wangu tunapiga video za harusi na matanga, kazi hiyo ndiyo inatulisha. Leo naandika haraka, mnisamehe nikikosea herufi.

Mwanzoni tulikuwa na droni ndogo, ile ambayo kamera yake imejengwa humo humo mbele, huwezi kuitoa. Ilikuwa nyepesi, mume wangu aliitia ndani ya koti akaenda. Vijana wa bariyeri, wale wa kizuizi cha barabarani, waliijua. Waliona jicho lake la kamera, wakacheka, wakaomba wapigwe picha, tukapita. Shida yake ni moja: siku ilipogonga bati la kanisa, ilikufa yote pamoja. Fundi alitutazama kama watu waliomletea yai lililopasuka alishone.

Ndipo tukanunua hii kubwa, ya mitumba. Yenyewe haina kamera. Chini ina kishikio cha chuma, na pale ndipo unafunga kamera ile ile unayoishika mkononi. Mimi ndiye niliyeipenda, kwa sababu kamera moja inafanya kazi mbili: kanisani naishika, tukitoka nje tunaifunga, inapanda juu. Mume wangu aliizunguka akaguna. "Mama batoto, hii kitu iko mukubwa sana. Batu bataogopa." Nikamjibu, "Weye njo unaogopa kila kitu. Funga begi."

Jana Jumamosi tulikuwa na harusi ya binti wa familia moja ya Djugu, watu waliokimbia vita na sasa wanaishi pembeni ya mji. Baba wa binti alitaka sana picha ya juu, ili ndugu zake waliotawanyika waone kwamba ukoo bado upo. Chefu, yaani kiongozi wa mtaa, alituruhusu kwa mdomo. Mimi nilikuwa bado kanisani napiga video ya pete, kwa hiyo kamera ilibaki kwangu. Mume wangu akapanda pikipiki na droni, atangulie uwanjani kwenye sherehe kupima upepo. Tunafanya hivyo kila harusi.

Njiani alikuta bariyeri mpya, na wanaume wenye silaha ambao hatuwajui. Yaliyofuata nimeyapata kwa motari, dereva wa pikipiki aliyembeba. Walifungua begi, wakaigeuza droni juu chini.

"Kamera yake iko wapi?"

"Iko na bibi yangu, mama batoto, ku kanisa."

"Sasa kama kamera haiko, hii chuma ya chini ni ya kubeba nini?"

Mume wangu akiogopa huanza kusema Kifaransa kingi, na siku hiyo alikisema chote. Wakampandisha kwenye gari. Motari aliniambia, "Mama, bale batu habakukuwa na kasirani. Balikuwa na woga. Njo kitu iliniogopesha."

Siwalaumu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hapa kwetu kitu kikilia angani, watoto wangu wanaingia chini ya kitanda kabla sijawaita. Droni yenye jicho, mtu anaona ni ya picha. Droni yenye kishikio kitupu, kila mmoja anafikiria bomu.

Najua mtaniambia nini: peleka kamera, ifunge pale mbele yao, waone inaingia, yaishe. Hata mimi nilishavaa viatu. Halafu nikaiwasha nitazame kilichomo.

Kwenye kadi yake ya kumbukumbu kuna harusi nzima, pete, kwaya, mama wa binti akilia. Hiyo ndiyo ingemwokoa mume wangu. Lakini kabla ya harusi kuna jaribio tulilofanya siku za nyuma nje ya mji. Upepo uliisukuma droni, ikapita juu ya kambi ya wanajeshi. Mahema yanaonekana, magari yanaonekana, mpaka mtu mmoja anaanika nguo. Hatukukusudia, Mungu ni shahidi. Ila nani ataamini? Nikibadilisha kadi, sina tena ushahidi wa harusi. Nikifuta yale ya kambi tu, nimeshasikia kwa fundi kwamba kilichofutwa wenye mashine zao wanakirudisha, na hapo tutaonekana wapelelezi kweli.

Asubuhi hii simu ya mume wangu imenipigia. Nikapokea mbio, nikasema jina lake. Sauti ilikuwa ya mwanaume mwingine, mpole kabisa. "Mama, bwana yako iko muzima. Kamera ulete weye mwenyewe pale ku bariyeri, mbele ya jua kuzama. Na usiguse kitu ndani."

Nyuma yake nikamsikia mume wangu akikohoa, kisha akasema neno moja kwa kilugha cha kwetu. Alisema: futa. Simu ikakatika.

Sijui kama yule bwana wa kwenye simu anaelewa lugha yetu. Kama haelewi, mume wangu amenionyesha njia. Kama anaelewa, basi nikifika na kadi iliyofutwa nitakuwa nimewapa jibu wanalolitafuta, na watoto wangu watabaki bila baba na bila mama.

Watoto wako kwa mama mkwe, wanadhani tuko kazini. Kamera iko mapajani mwangu, nimeifungua kwenye yale mahema, inaniuliza kama nina hakika nataka kufuta. Msinitumie pole, pole nimezipata za kutosha. Nishaurini kabla jua halijazama: nifute, au niende nayo hivi ilivyo?