Jina nililomwibia mjukuu wangu

Nilimwibia mtoto mchanga jina, mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima. Nasema leo kwa kuwa nimezeeka, hamtanifanya kitu.

Mume wangu aliitwaga Novaki. Ni jina la padri wa kizungu aliyembatiza baba yake. Watu wa kwetu waliligawana mpaka basi, kila kitu Novaki: mtumbwi wa kisiwani Rukuba, duka la Bunda, hata dume la ng'ombe.

Binti yangu Recho alilitafuta kwenye simu. Kumbe Ujerumani na Poland wamejaa: wacheza mpira, na Marekani mwanamke mmoja aliyeruka angani kwa roketi.

"Mama, tuko wengi."

Wengi wapi? Mimi nilimzaa Recho tu. Mume wangu alipofariki mwezi wa tatu, kwetu jina liliisha. Sikulia. Watu wakasema nimejikaza. Wala. Nilikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa.

Recho akajifungua kidume, ukweni Butiama. Kule mtoto akilia sana wanamtajiaga majina ya marehemu. Akinyamaza, hilo ndilo lake.

Nikatoka kwangu Nyasho kwenda kumwona. Nikakuta analia tangu asubuhi. Mama mkwe wa Recho, Debora, ndiye anataja. Masatu, kelele. Machage, kelele zaidi. Marehemu mumewe, Wanzagi, kamweka wa mwisho.

Nikaomba nimpakate. Kidole kikagusa uzi mweusi kiunoni, umemkaba mpaka umeacha alama. Nikalegeza fundo taratibu, chini ya khanga.

"Novaki," nikasema.

Kimya. Mtoto akapiga mwayo. Wazee wakatazamana, jina likapita.

Debora akanisindikiza mpaka barabarani. Tulipofika akaniuliza kama ule uzi nimeulegeza. Nikamuuliza uzi gani.

"Niliukaza mwenyewe asubuhi, mzazi mwenzangu. Nilikuwa nasubiri nifike kwa mzee wangu ndipo niulegeze. Umeniwahi."

Wajane wawili, tumemtesa mtoto mmoja. Nilitaka kucheka, uso ukagoma.

Juzi Recho kapiga simu, Novaki kaota jino. Nikamwambia vizuri. Nikaendelea kuchambua dagaa.

Jina nimelipata. Marehemu mwenyewe simpati.

Basi nyie mnaolea, mtoto akilia mvueni nguo kwanza, mtazameni mwili. Majina yasubiri. Wafu hawana haraka.