Vidonge Nilivyomwaga Kwenye Ungo Mmoja

Mpima damu wetu amefariki. Tumemzika Ijumaa pale Kilole, nami nimerudi nyumbani na hasira ambayo mpaka leo haijashuka. Bwana mmoja kutoka ofisi yake ya zamani alisimama mbele ya waombolezaji akasema marehemu alikuwa mtu mwema, "ingawa kazi ya utafiti ilimshinda." Nikanyamaza. Wasomaji wangu mnanijua, mimi si mtu wa kunyamaza: niliishia darasa la pili, nyumba ya bati nimeijenga kwa mikono yangu, na leo nusu ya Kwedizinga inasaga mahindi kwangu. Lakini siku hiyo nilinyamaza, na wala haikuwa mara ya kwanza.

Kijiji chetu cha ujamaa kilipokuwa kipya, marehemu alikuja kwa baiskeli, Msambaa mpole wa Dindira, na makopo mawili ya vidonge vya malaria. Aliagiza nyumba za kulia mwa barabara zipewe kopo jekundu, za kushoto kopo jeupe. Kila juma atoboe watu vidole, apime damu, ijulikane dawa ipi inatibu. Vidonge aliniachia mimi, balozi wa nyumba kumi, kijana niliyejiona najua kila kitu. Watu wa kushoto wakaanza kulalamika kwamba vyao si vichungu, basi wamepewa dawa hafifu. Mama mmoja akaniuliza kama ujamaa wetu unaishia katikati ya barabara. Nikachukua ungo, nikamwaga makopo yote mawili, nikagawa sawa kwa sawa. Aliporudi nikamsimulia kwa majivuno.

Hakunigombeza. Aliegemea baiskeli yake akasema, "Balozi, umegawa kwa haki. Ila sasa mtu akipona, sitajua kapona kwa dawa gani."

Mkubwa wake akamwambia ajaze kitabu cha vipimo kama kawaida, nani atajua? Akakataa. Akaandika kwa wino mwekundu, ukurasa kwa ukurasa: dawa zimechanganywa. Nani kazichanganya, hakuandika. Mkubwa alipokuja kutuuliza, nikatazama vidole vya miguu yangu, maana ubalozi niliupenda. Mpima damu akafukuzwa kwa uzembe, akamalizia umri wake akiuza ndizi stendi ya Korogwe.

Mzembe nani hapo? Kitabu kile kingejazwa uongo, dawa hafifu ingeweza kusifiwa ikasambazwa Handeni nzima, watoto wetu wakainywa, wakafa, tukasema ni kazi ya Mungu. Kila siku tunaletewa vipimo vipya na dawa mpya, na karatasi zenye mihuri mizuri. Ulizeni kwanza kama yule mtu wa chini aliyezijaza karatasi hizo aliruhusiwa kusema "sijui." Asiporuhusiwa, msimeze.

Na yule bwana wa Ijumaa asome hapa. Utafiti haukumshinda marehemu, ulinishinda mimi. Kama kitabu kile bado kipo, kileteni Kwedizinga. Pale alipoacha wazi jina la aliyechanganya, nitaandika langu. Hilo najua kuliandika.