Safu Moja ya Watu Hamsini na Watatu

Mpanga viti wa ukumbi wetu hubeba viti vinne kwa mkupuo mmoja, viwili kila upande, huku midomo ikimcheza. Mimi ninayefunga spika pale najua ananong'ona nini: anatafuta vigawo. Mwambie wageni ni tisini na mmoja, namba ambayo wengi wetu tungeona haipangiki, naye atakujibu taratibu kama mtu anayeuliza njia, "Saba mara kumi na tatu, au siyo?" Punde safu saba zimenyooka kama rula.

Juzi walikuwa wanahitimu wauguzi hamsini na watatu. Mkuu wa chuo alitaka safu zilingane na kisibaki kiti kitupu. Mpanga viti akajaribu mbili, tatu, tano, akaishia saba, maana nane mara nane imeshapita hamsini na tatu.

"Haigawanyiki, mama."

"Kumbe namba tasa," mkuu akacheka.

Mpanga viti akatua viti, akajifuta viganja kwenye sketi. "Hilo neno niliitwa miaka kumi na mmoja kwa mume wangu," alisema bila hasira. "Namba yangu msiiite hivyo."

Kisha akaanza kupanga kiti kimoja kimoja, safu moja tu, ikapinda ikauzunguka ukumbi mzima hadi mwisho wake ukakutana na mwanzo. Wahitimu walipoingia walisimama mlangoni wakitafuta nyuma ni wapi.

"Tukae wapi, mama?" aliuliza wa kwanza.

"Popote, mwanangu. Leo wote mko mbele."