Tuta la Jikoni

Watu walimwita Pua, na wala hakulichukia jina hilo. Alilipata ujanani, siku mwenye shamba mmoja alipomletea chupa tatu zilizobanduka karatasi na kumuuliza ipi ni ipi. Alifungua vizibo, akanusa, akasema: hii ya viwavi, hii ya ukungu, na hii ya tatu ni ya kuua magugu, ukiipiga kwenye nyanya zako utavuna majuto. Tangu siku hiyo jina alilopewa na baba yake likabaki kwenye vyeti tu. Kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa moja: kubeba bomba la lita kumi na sita mgongoni na kupiga dawa kwenye mashamba ya nyanya ya watu.

Na alikuwa fundi, tusimnyime haki yake. Dawa aliipima kwa kizibo, akaikoroga kwa fito, na fito ikikosekana mkono upo. Puani alijifunga kitambaa. Viatu vya mpira alivikataa katakata, alisema vinachemsha miguu kama viazi. Akimaliza shamba alidai glasi ya maziwa kabla ya kudai ujira, maana wapiga dawa wote waliamini maziwa huosha tumbo. Mwenzake mmoja, aliyeanza naye kazi, alikunywa maziwa ya kutosha kulea ndama, na bado mikono ikaanza kumtetemeka hadi akawa wa kulishwa uji. Pua alikwenda kumjulia hali mara moja. Aliporudi alikuwa na visingizio vya kutosha mwaka mzima, na hakwenda tena.

Sasa, kwenye mashamba yale kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeiandika popote lakini kila mtu aliifuata. Pembeni mwa shamba mwenyewe huacha tuta moja lisiloguswa na dawa. Huliita tuta la jikoni, na ndilo wanalokula wao. Kila ncha husimikwa kijiti na kufungwa kitambaa chekundu, ili mpiga dawa akifika hapo afunge koki na kupita. Matuta mengine yote ni ya sokoni. Sokoni hula nani, hilo Pua hakuwahi kuulizwa, na yeye hakuwa mtu wa kujitafutia maswali.

Jumanne moja alikuwa amepiga shamba la bintiye. Alirudi nyumbani adhuhuri, akavua nguo za kazi mlangoni, mkewe akazitia kwenye beseni lake la peke yake, akaoga, akanywa maziwa. Siku nyingine angelala kidogo. Siku hiyo hakutulia. Alikaa akasimama, akaenda kuangalia baiskeli ambayo haikuwa na tatizo lolote, akarudi akakaa tena. Kitu kilikuwa kinamtekenya kichwani na hakukijua. Usingizi ulikuja kwa mang'amung'amu, na mkewe akamwambia kama anataka kupigana mieleka na shuka basi aende uwanjani.

Asubuhi ya Jumatano, akiwa ananawa uso, kikamjia. Mabomba kumi.

Shamba la bintiye lilikuwa la mabomba tisa. Kabla ya jana alikuwa amelipiga msimu huu mara tano, na mara zote tano yalikuwa tisa. Jana la tisa lilikwisha matuta yakiwa bado, akaenda kisimani, akachanganya la kumi, akaendelea huku akipiga mluzi. Alijaribu kujipoza. Labda ni upepo. Labda nozeli imepanuka inamwaga. Lakini nozeli aliibadilisha juzi kwa mikono yake, na jana hata jani la mgomba halikutikisika. Bomba la kumi lilikuwa limekwenda mahali, na palikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda.

Hapo ndipo inabidi niseme jambo ambalo Pua alimficha hata mkewe. Pua yake ilikuwa nzima, macho ndiyo yaliyoanza kuaga. Tangu mwaka jana kila baada ya kupiga dawa ulimwengu ulimjia na kiza, mchana kweupe, kama mtu aliyepunguza taa. Nyekundu na kijani zilikuwa zinaingiliana. Alinyamaza. Nani atamwajiri mpiga dawa asiyeona? Mficha maradhi kifo humuumbua, alikuwa anaujua msemo huo vizuri, aliwahi hata kumwambia mtu mwingine.

Na bintiye alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili kabla ya hiyo zilitoka, moja ya miezi mitatu na moja ya miezi mitano. Majirani walisema mengi, wengine wakataja mkono wa mtu. Pua alikuwa na wazo lake, akalimeza. Hii ya tatu ilikuwa imeshika, na tamaa yake ilikuwa moja tu: nyanya mbichi. Binti alikuwa anakwenda mwenyewe kwenye tuta la jikoni, anachuma, anafuta kwa kanga, anakula papo hapo amesimama.

Alimpigia simu. Haipatikani. Akapiga tena, na tena, kana kwamba simu ni mlango, ukiugonga sana utafunguliwa. Kisha akachukua baiskeli. Mkewe akamuuliza anakwenda wapi bila chai, akajibu amesahau koki. Njiani mnyororo ulitoka mara mbili. Mara ya kwanza aliurudisha. Mara ya pili hakujisumbua, akaitupa baiskeli kwenye majani na kukimbia, mzee wa miaka hamsini na minane, shati wazi, wanawake waliokuwa wanateka maji wakamwamkia na yeye asiwaitikie. Alikuwa anamwomba Mungu kwa sauti, akiahidi mambo ambayo hata Mungu angeyatilia shaka.

Alimkuta bintiye kwenye kiti kifupi nje ya jiko, bakuli mapajani, nusu ya nyanya mkononi na nusu nyingine mdomoni.

"Tema," alisema.

Binti alitema kwa mshtuko tu. Pua alimpokonya bakuli, akamuuliza hizi zimechumwa lini, wapi, amekula ngapi, yote kwa pumzi moja. Ikachukua muda mpaka jibu lieleweke. Zilichumwa Jumatatu, siku moja kabla ya dawa. Jana miguu ilikuwa imevimba, hakutoka ndani kutwa, na leo alikuwa bado hajakwenda shambani. Tangu dawa ipigwe, tuta la jikoni hakuligusa.

Pua aliketi chini, kwenye majivu, akalia. Si machozi ya kiume ya kufuta kwa kidole. Alilia mpaka kamasi.

Baadaye, akiwa ameshapewa maji, alieleza. Alieleza bomba la kumi, na ilibidi aeleze macho. "Kwa hiyo hukukiona kitambaa, baba?" binti aliuliza. Akajibu hakukiona. "Basi hii kazi umeiacha leo," binti akasema, taratibu, na Pua akaitikia kama mtoto. Ajabu ni kwamba hakusikia uchungu. Alijisikia mwepesi. Mwanawe mzima, mjukuu mzima tumboni, kazi na iende.

Mkwewe, yaani mume wa binti, alitoka shambani wakati huo na kukuta habari imeiva. Alikuwa kijana mtulivu, asiye na makuu. Aliposikia alishusha pumzi, akamshukuru Pua kwa kuja, kisha akawaza kidogo akasema hakuna hasara. Bei imepanda, mama wa lori, yule mnunuzi, amepiga simu anakuja leo saa nane badala ya wiki ijayo. Hilo tuta watalichuma pamoja na mengine.

Ndivyo mambo yalivyokwenda siku zote. Pua, kila amalizapo shamba, alisema wasubiri siku kumi ndipo wachume. Mwenye shamba aliitikia ndiyo. Lori likija siku ya pili, walichuma siku ya pili. Kila mmoja alikuwa ametimiza wajibu wake, mmoja wa kusema na mwingine wa kusikia.

Walichuma. Pua alichuma kwa bidii kuliko wote, tena tuta la jikoni alilianza yeye, akalimaliza lote bila kubakiza hata moja, kwa furaha ya mtu anayefagia nyoka nje ya nyumba. Aliwatania vibarua. Alipanga matenga kiufundi, ngumu chini, zilizoiva juu, majani ya kufunikia. Kufikia saa nane matenga ishirini na matatu yalikuwa kando ya barabara.

Mama wa lori alishuka akilalamikia mgongo. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, amenunua nyanya huko miaka mingi, anamjua kila mtu na watoto wake. Alimwamkia Pua, akamuulizia mkewe, akamwangalia binti tumbo akacheka, akasema huyo ni wa kike, wanaume hawakai juu hivyo. Akiwa bado anazungumza alinyoosha mkono kwenye tenga lililo karibu, akachagua nyanya moja iliyoiva vizuri, akaifuta kwenye nguo yake, akaipeleka mdomoni.

Mkono wa Pua ulikwenda wenyewe. Ulimshika mama wa watu kifundo cha mkono, kwa nguvu, mbele ya vibarua na dereva.

"Usile hiyo," alisema. "Nimeipiga jana."

Mkwewe akatazama chini. Binti akamtazama baba yake. Mama wa lori aliitazama nyanya, kisha tenga, kisha safu nzima ya matenga barabarani.

"Na hizi nyingine je?"

Pua alifungua mdomo. Tangu asubuhi alikuwa amekimbilia tuta moja, ameomba kwa ajili ya tuta moja, amelia juu ya tuta moja. Matuta mengine yote aliyapiga siku hiyohiyo, kwa bomba hilohilo, na hayakumpitia akilini hata mara moja.

"Zote jana," alisema.

Mama wa lori alitikisa kichwa polepole. Hakukasirika. Alimshukuru kwa dhati, akampigapiga begani, akasema si wengi wangemwambia, mtu anaweza kufa njiani hivihivi kwa tamaa ya nyanya. Kisha akairudisha ile nyanya kwenye tenga, akaifunika kwa majani, akawageukia vibarua akawaambia wapakie, jua linakwenda.

Wakaanza kupakia. Pua alibaki amesimama mahali pale, mkono bado uko hewani.

"Baba," mkwewe alimwita, ameinama kwenye tenga, "hebu shika upande huo."

Akashika.