Kikopo cha Upako cha Mzee Mbuvi

Nimeona watu wakiombewa wakalia. Nimeona wakianguka. Lakini chumba kizima kufa ganzi midomoni, hiyo niliionea kwa kaka yangu hapa Mbooni, mchana peupe.

Tulieni niwaambie.

Kaka yangu Mbuvi ni mzee wa kanisa. Alipasuliwa bawasiri kule Mutomo. Mke wake ana duka Sultan Hamud, kwa hivyo kumuuguza kuliniangukia mimi, dada yake mjane.

Kanisani alituma habari kwamba amepasuliwa mgongo.

Adanganye kwa nini? Kwa sababu bawasiri ilipomshika Nzioka wa bodaboda, Mbuvi huyo huyo alisimama mbele ya kanisa akasema ugonjwa wa mahali pale ni wa watu wenye dhambi za kuficha. Nzioka akaondolewa kuongoza maombi. Watu walicheka mpaka kina mama wakajifunika uso na leso.

Sasa zamu ilikuwa yake. Mtu wa kukemea mapepo kwa spika alikuwa anaogopa choo kuliko shetani.

Hospitali walimwambia akalie maji ya vuguvugu kwenye beseni, ale papai na mboga, na wakampa dawa ya kupaka, ya kutia ganzi. Hiyo dawa ndiyo ilikuwa usingizi wake. Akijipaka, baada ya muda kidogo uso unafunguka, anaanza hata kuniitisha chai.

Shida ni kwamba tyubu iliandikwa kazi yake. Basi akaikamua yote ndani ya kikopo chake cha upako, kile wazee wa kanisa hupewa, chenye msalaba kwenye kifuniko. Tyubu akaitupa chooni.

Nikamwambia, "Mbuvi, hicho kitu ni cha madhabahu."

"Ndio sababu hakuna mtu atakifungua."

Haya.

Jumamosi wageni wakaja, Mchungaji Mutisya mbele. Nikampa kiti, akakataa kama kawaida yake. Mchungaji wetu husimama ibada nzima, hata wakati wa matangazo, na sisi humsifu kwa hiyo bidii.

Wamama wakaanza kumkanda Mbuvi mgongo ambao haukuwa na kosa lolote. Kila wakikandamiza, anasukumwa chini kwenye kiti, anaguna. Nao wanasema, hapo ndipo adui amejificha.

Kwetu hakuna mtu hushuhudia kabla ya kupakwa mafuta mdomoni. Mchungaji alikuwa amesahau yake. Akaona kikopo dirishani.

Nikamwangalia kaka yangu. Kaka yangu akaangalia sakafu.

Na mjue, kidole kilichokuwa kikiingia kwa hicho kikopo kila asubuhi hakikuwa kinaenda kufungua Biblia.

Mchungaji alijipaka kwanza, akalamba midomo, akapaka wengine. Hatukukaa sana, Syombua wa kwaya akasema hausikii ulimi wake. Mwingine akalia kwamba ameguswa. Mchungaji akitaka kusema haleluya, inatoka kama ya mtoto asiye na meno.

Nzioka alikuwa karibu na mlango. Alijigusa mdomo, akanusa kidole, akaniangalia. Nikajua amejua. Akanyamaza.

"Mafuta haya yana nguvu," Mchungaji akasema kwa shida, akatia kikopo mfukoni. "Kesho yanaenda kanisani."

Hapo jasho likamtoka Mbuvi. Duka la dawa liko mbali, na choo kiko karibu.

"Mchungaji, wacha hicho."

"Kwa nini, mzee?"

"Ni dawa."

"Ya mgongo?"

Mbuvi akamtazama Nzioka pale mlangoni.

"Ya chini," akasema. "Nilipasuliwa kama Nzioka."

Walioguswa wote wakakimbilia tanki la maji. Waliosugua kwa leso, walisugua. Waliosugua kwa majivu, walisugua.

Nzioka peke yake ndiye alibaki. Akamletea Mbuvi mto. "Pole, mzee. Kalia upande mmoja. Na unywe maji mengi."

Mbuvi alilia. Wala hakikuwa kilio cha kidonda.

Wageni walipoondoka, nikasikia hodi mlango wa jikoni. Mchungaji, kikopo mkononi.

"Mama," akanong'ona, "hii dawa, mtu ambaye hajapasuliwa inaweza kumsaidia?"

Nikamwangalia vile amesimama. Asi. Kumbe ile bidii yote!

"Hiyo ni ya aliyeandikiwa," nikamwambia, nikachukua kikopo. "Wewe nenda upimwe. Nzioka atakubeba na pikipiki."

Uso wake ukakunjana. Alikuwa amefikiria kile kiti cha pikipiki.

Jumapili Nzioka aliongoza maombi, Mbuvi mwenyewe ndiye alimwita mbele. Halafu Mchungaji na mzee wake wakasimama ibada nzima, bega kwa bega, na hakuna aliyecheka.

Ndugu zangu, mahali pale pia pameumbwa na Mungu, na hakuona aibu kupaumba. Ukiumwa, sema mapema. Mwenzako akiumwa, funga mdomo.

Na ukienda kuona mgonjwa, beba mafuta yako.